Daraja Linaloinama: Kulitazama na Kulipiga Picha Daraja la Milenia la Gateshead

Daraja la Milenia la Gateshead ni daraja la waenda kwa miguu na waendesha baiskeli linalovuka mto Tyne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Ukingo wa kusini ni mji wa Gateshead, wa kaskazini ni jiji la Newcastle. Watu walianza kuvukia hapo tarehe 17 Septemba 2001, na Malkia Elizabeth II akalizindua rasmi tarehe 7 Mei 2002. Huhesabiwa kuwa daraja la kwanza duniani kuinama lote kwa pamoja. Meli ikitaka kupita, halikatiki katikati wala halizunguki kwenda kando. Upinde unalala, njia inainuka, na kitu kizima kinafanana na kope inayofunguka. Ndiyo maana wenyeji wamelibandika jina la jicho: wengine husema linapepesa, wengine husema linakonyeza.

Picha zake zimejaa kila mahali, na nyingi ni picha moja iliyorudiwa: upinde mweupe, taa za rangi, maji meusi. Ni nzuri, lakini zinaonyesha umbo na kuacha sababu ya umbo. Hili ni daraja na papo hapo ni mtambo. Anayekwenda na kamera bila kujua mtambo huo unafanya nini atarudi na picha ya pambo. Kwa hiyo tuanze na tatizo lililowakabili waliolibuni, kisha ndipo tuzungumzie lenzi.

Mtu hataki kupanda, meli haitaki kuinama

Daraja la magari linaweza kuwekwa juu sana kwa sababu injini haichoki. Mwenda kwa miguu hachukuliani na mlima, na mwenye kiti cha magurudumu ndiyo kabisa. Piga hesabu: ili meli ipite chini, njia ingepaswa kuwa juu ya maji kiasi cha mita 25. Ukitaka mteremko wa kistaarabu, wa mita moja kupanda kwa kila mita 20 za kutembea, utahitaji mita 500 za njia ya kupandia kila upande. Mto wenyewe pale una upana wa mita mia na kidogo tu. Ungejenga kilomita nzima ya njia ili kuvuka mahali ambapo mtu angeweza kumwita mwenzake ng'ambo.

Wakazi wa Mombasa wanalijua tatizo hili bila kufundishwa na mhandisi. Pale Liwatoni, lilipowekwa daraja la kuelea la waenda kwa miguu na kufunguliwa Januari 2021 ili kupunguza msongamano wa feri ya Likoni, ilibidi sehemu yake ya katikati iweze kusogezwa ili meli zipite. Mto Tyne ulikuwa na jibu lake la kale pia. Mwaka 1876 kulifunguliwa pale daraja linalozunguka kwa nguvu ya maji yenye shinikizo, kazi ya William Armstrong, yule yule ambaye kampuni yake ilitengeneza mitambo ya Tower Bridge ya London. Kwa hiyo Baraza la Gateshead lilipotangaza shindano la kubuni daraja jipya, mwaka 1996, halikuwa linawaomba watu wa Tyne wazoee jambo geni. Daraja kuipisha meli lilikuwa desturi ya mto huo.

Michoro zaidi ya 150 iliwasilishwa. Ulioshinda ulitoka kwa wasanifu WilkinsonEyre na wahandisi wa Gifford, na wazo lake ni rahisi kiasi kwamba unajiuliza kwa nini halikuwahi kujengwa kabla. Chukua pinde mbili. Mmoja usimame, mwingine ulale juu ya maji ndio uwe njia. Ziunganishe ncha kwa ncha, kisha zifunge pamoja kwa nyaya za chuma 18. Ukizungusha ncha hizo, upinde uliosimama unashuka na uliolala unapanda, hadi zote mbili zinaelea juu ya mto kwa kimo kinachokaribiana. Kilichokuwa njia ya watu kimekuwa lango la meli.

Mashine iliyojificha ukingoni

Upinde una kimo cha mita 50 juu ya mto. Daraja zima lina urefu wa mita 126, na uzito wake unapita tani 800. Uzito wote huo unabebwa na maegemeo mawili, moja kila ukingo, na kila egemeo linasukumwa na jeki tatu za haidroli zenye kipenyo cha sentimita 45. Daraja huzunguka kwa nyuzi 40. Kazi yote huchukua takriban dakika nne na nusu, kutegemea upepo.

Siri ya jeki sita kuweza kuinua chuma kizito hivyo ni kwamba haziinui chote. Upinde na njia hufanyana mizani. Mmoja ukielemea upande huu, mwingine unauvuta upande ule, kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao. Jeki zinamalizia tofauti iliyobaki. Ukitazama kwa makini daraja likiwa limefungwa, utaona kwamba upinde haujasimama wima. Umeegama upande mmoja, na njia imejipinda kwenda upande wa pili. Watu wengi hudhani mwegamo ule ni urembo. Ni mizani.

Na kuna jambo dogo ambalo mimi hulipenda kuliko takwimu zote. Njia inapoinuka, taka zilizodondoshwa juu yake, chupa, karatasi za chipsi, huviringika zenyewe hadi kwenye mitego iliyowekwa ncha zote mbili. Daraja hujifagia kila linapofanya kazi. Ni nadra kukuta ubunifu wenye sifa nyingi ambao pia umemkumbuka mfagiaji.

Njia yenyewe imegawanywa mara mbili. Waenda kwa miguu wana upande wao, waendesha baiskeli wana wao ulio chini kidogo, na kati yao kuna uzio wa chuma wenye viti. Viti hivyo ni muhimu kwa mpiga picha, nitavirudia.

Lilivyofika mtoni

Daraja hili halikujengwa hapo lilipo. Vipande vya chuma viliunganishwa kwenye yadi ya Wallsend, kilomita kama 10 kuelekea baharini. Tarehe 20 Novemba 2000 likainuliwa likiwa zima na Asian Hercules II, mojawapo ya kreni kubwa zaidi zinazoelea duniani, na kusafirishwa kupanda mto huku watu wamejipanga kingo zote mbili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu moja ya kijiografia: kutoka baharini hadi hapo hapakuwa na daraja lingine lolote. Wanaovuka sehemu za chini za Tyne hupita kwenye mahandaki au kwa feri. Kama kungekuwa na daraja moja tu njiani, kreni yenye kimo kile isingepita, na hadithi ingekuwa nyingine.

Mambo hayakuwa laini hivyo kwa madaraja yote yaliyopewa jina la milenia. Daraja la Milenia la London, la waenda kwa miguu pia, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye. Liliyumba kushoto na kulia chini ya umati, kwa sababu watu, bila kukusudia, walianza kukanyaga kwa kuufuata myumbo wenyewe na hivyo kuuzidisha. Lilirudi kazini mwaka 2002 likiwa limefungwa vizuia-mtikisiko. La Gateshead lilikabidhiwa mji wake kwa amani zaidi, na mwaka huo huo wa 2002 likapata Tuzo ya Stirling, ambayo ndiyo heshima kubwa ya usanifu majengo Uingereza. Mwaka 2007 likachorwa kwenye sarafu ya pauni moja. Sarafu hizo za duara ziliondolewa kwenye mzunguko Oktoba 2017, hivyo ukiipata moja, itunze, dukani hawaichukui.

Mahali pa kusimama

Treni kutoka London King's Cross hadi Newcastle huchukua kama saa tatu. Ukishuka kituoni, teremka kuelekea gati la mto, tembea ukiufuata mto kwenda mashariki, na ndani ya dakika 20 hivi utakuwa umefika. Kuvuka ni bure. Jumapili kuna gulio kwenye gati la upande wa Newcastle, na hapo umati ni mkubwa. Hilo ni baya kwa mtu anayetaka daraja tupu, ni zuri kwa anayejua kwamba daraja la miguu bila miguu halijakamilika.

Picha maarufu kuliko zote hupigwa ukiwa umelipita daraja, upande wa mashariki, ukageuka kutazama magharibi. Kutoka hapo upinde mweupe wa Milenia unauzungushia upinde wa kijani wa Daraja la Tyne la mwaka 1928, lililo mbele kidogo, upande mto unakotoka. Pinde mbili, mmoja ndani ya mwingine, na zaidi ya miaka 70 kati yake. Usiikimbie picha hii kwa sababu wengine wameshaipiga. Ifanyie kazi. Ukisogea hatua chache ukingoni, upinde wa nyuma unahama ndani ya ule wa mbele, na ipo sehemu moja tu ambapo unakaa sawasawa. Lenzi ndefu, tuseme milimita 85 hadi 135, huyavuta madaraja yakakaribiana. Lenzi pana huyasukuma mbali, na Daraja la Tyne linageuka kuwa kibanio cha nywele.

Upande wa Gateshead, jirani kabisa na daraja, kuna BALTIC, kituo cha sanaa za kisasa kilichofunguliwa mwaka 2002 ndani ya jengo la matofali lililokuwa kinu cha unga. Kuingia ni bure, na juu kuna chumba cha kutazamia mji. Hapo pekee ndipo utaona kwamba njia ya daraja ni upinde kamili. Ukiwa chini, jicho linaidhania kuwa mstari uliopinda kidogo. Ukitaka kumweleza mtu daraja hili kwa picha moja, piga kutoka juu. Kioo cha dirisha kitakuletea mng'ao, kwa hiyo sogeza lenzi hadi iguse kioo, au ifunike kwa koti jeusi.

Magharibi ya BALTIC lipo jumba la muziki la kioo na chuma lililobuniwa na Foster na wenzake na kufunguliwa Desemba 2004, leo likiitwa The Glasshouse. Mgongo wake wa mawimbi ukiuweka nyuma ya daraja, picha inajaa mikunjo kuliko inavyohitaji. Mimi ningeliacha nje.

Juu ya daraja lenyewe, kaa kwenye kimoja cha vile viti. Kutoka kitini, nyaya zinapanda kama nyuzi za kinubi hadi kwenye upinde, na mtu anayepita mbele yako anakupa kipimo ambacho picha za mbali hazina. Hapo usitumie muda mrefu wa mwanga. Kila hatua ya mpita njia hufika kwenye miguu ya stendi yako, na picha ya sekunde 10 itatoka imetetemeka hata kama hukuigusa kamera. Picha za muda mrefu zipigie gatini, penye jiwe.

Mwanga, maji na ndege

Msomaji aliyezoea jua la Afrika Mashariki, linalochomoza na kuzama karibu na saa 12 mwaka mzima, lazima abadili hesabu. Newcastle iko nyuzi 55 kaskazini. Katikati ya Juni jua huchomoza saa 10 na nusu alfajiri na kuzama karibu saa 4 kasorobo usiku. Katikati ya Desemba huchomoza karibu saa 2 na nusu asubuhi na kufikia saa 9 na dakika 40 alasiri limekwisha. Jua huzama kwa mshazari, si kwa kudumbukia kama kwetu. Kwa hiyo ule muda wa mbingu ya buluu nzito baada ya machweo, ambao Dar es Salaam unakupa dakika chache kabla giza halijaangusha pazia, pale unaweza kukupa nusu saa na zaidi. Ndio muda bora wa kulipiga picha daraja hili. Taa zake zimewaka, mbingu bado ina rangi, na vyote viwili vinakaribiana kwa nguvu ya mwanga, kamera haitakiwi kuchagua.

Mchana wa mawingu, ambao ni mchana wa kawaida huko, una tatizo lake. Upinde ni mweupe na mbingu ni nyeupe, na vyote vinamezana. Tafuta kitu cheusi zaidi cha kuweka nyuma: matofali ya BALTIC, majengo ya Newcastle, au Daraja la Tyne. Jua likitoka, tatizo linageuka: kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga yenyewe na upinde unatoka kijivu. Ongeza mwanga kidogo kwa mkono, theluthi mbili za hatua hivi. Mwenye simu aguse upinde kwenye kioo kisha apandishe kile kijua kidogo. Na wakati wa baridi simu iwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana betri hunyongea kwa baridi kuliko kwa matumizi.

Sasa maji. Tyne pale ni mto unaoitikia bahari. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti hupita mita 4. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Maji yakipwa, tope hujitokeza kingoni na picha inapata ukingo mchafu. Yakijaa na kusimama, kabla hayajageuka, huwepo kipindi kifupi cha utulivu ambapo upinde unajiakisi, na ule wa juu na ule wa majini hufanya duara. Watalii huangalia utabiri wa mvua na kusahau jedwali la maji. Angalia vyote viwili. Siku ambayo maji yamejaa wakati wa machweo na hakuna upepo ni siku ya kuacha chakula mezani.

Kuanzia kama Machi hadi Agosti utasikia kelele kabla ya kuona chochote. Ni shakwe wadogo waitwao kittiwake, ndege wa bahari kuu wanaozaliana kwa kawaida kwenye majabali, ambao hapa wamechagua Daraja la Tyne na ukuta wa BALTIC. Koloni hili huhesabiwa kuwa ndilo lililo mbali zaidi na bahari duniani kwa ndege wa aina yao. Wakipita mbele ya upinde, wanaipa picha uhai ambao huwezi kuupanga. Kofia ni ya lazima, na sababu si jua.

Kuhusu ruhusa: wengi wetu tumekulia mahali ambapo kutoa kamera darajani kunaweza kumleta askari. Hapa hali ni tofauti. Njia na gati ni mahali pa umma, na kifungu cha 62 cha sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 kinaruhusu kuchora na kupiga picha majengo bila kumwomba msanifu. Stendi ya kamera isizibe njia ya baiskeli, basi. Droni ni habari nyingine kabisa, ina sheria zake za usajili na za umbali kutoka kwa watu.

Kulingoja liiname

Daraja haliinami kila saa ili kuwafurahisha wageni. Huinama meli inapohitaji, na katika siku fulani za shughuli, na pia kwa majaribio. Meli kubwa zinazofika hadi pale zimepungua sana. Kumewahi kuwa na siku kama zile za Julai 2005, merikebu za matanga za mashindano ya Tall Ships' Races zilipojaza gati, lakini siku hizo haziji kila mwaka. Uliza kwa Baraza la Gateshead kabla ya kukata tikiti ya treni.

Ukibahatika, amua mapema unataka nini, kwa sababu dakika nne na nusu ni nyingi kwa anayetazama na ni chache kwa anayehangaika na vifaa. Njia ya kwanza ni kuiweka kamera kwenye stendi gatini, isiguswe tena, na kupiga picha moja kila sekunde 10. Utapata karibu picha 27 zenye fremu ile ile, ambazo zikiwekwa safu zinaonyesha mzunguko mzima, au zikilazwa moja juu ya nyingine zinaufunua upinde kama upepeo. Hakikisha umeacha nafasi kubwa kando, si juu. Wengi hubana fremu kuufuata upinde uliosimama, kisha upinde unaanguka kando na kutoka nje ya picha.

Njia ya pili ni kuuacha upinde na kuzitazama nyaya. Zikianza, zinashuka kwa mshazari kutoka juu hadi njiani. Kadiri daraja linavyogeuka zinalala, zinalala, hadi mwisho zinakuwa karibu sambamba na maji, na kwa mara ya kwanza unaona kwamba upinde na njia ni ndugu wa tumbo moja. Hiyo ndiyo fremu ambayo daraja lililofungwa haliwezi kukupa kamwe.

Njia ya tatu ni kuupa mtambo kisogo. Kabla daraja halijaanza, watu huondolewa juu yake na malango hufungwa. Wanakusanyika pale: mama na kigari cha mtoto, mwenye baiskeli aliyechelewa kazini, wazee wawili wanaoliona kwa mara ya mia. Kwa dakika chache wote wanatazama upande mmoja, vichwa vikipanda taratibu kuufuata mwendo wa chuma. Kisha daraja linarudi, jeki zinatulia, malango yanafunguliwa, na mwenye baiskeli ndiye wa kwanza kupita.